Mwaka Tulioelea Juu ya Ziwa Naivasha

Harjit alipofariki, mimi na Odhiambo tulikutana tena baada ya miaka mingi, tumeketi sakafuni katika ukumbi wa chakula wa hekalu la Masingasinga mjini Nakuru, vitambaa vichwani na sahani za chuma mbele yetu. Kijana mmoja alikuwa akipita na ndoo ya dengu, akiuliza kila mtu kama amwongeze, na Odhiambo hakukataa hata mara moja. Nywele zake zimekuwa nyeupe pembeni na tumbo limejitokeza, lakini bado anakula akiwa ameinamia sahani kama mtu aliye ndani ya meli inayoyumba. "Umezeeka, Wambui," akaniambia bila kuinua macho. Nikamwambia naye amekuwa mtu wa heshima, na tukacheka polepole kwa sababu ya mahali tulipokuwa. Kisha akasema, "Unajua huyo mzee hakuwahi kuniambia asante?" Nikamjibu hata mimi hakuwahi. "Alikuwa anaongeza chapati tu," akasema. Ilikuwa kweli, na wote wawili tulikuwa tumeshafika kulekule, kwenye mwaka ule ulioanza mapema 2007 na ambao kwangu mimi haukuisha hadi katikati ya 2008.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na diploma ya elektroniki, nikitengeneza redio na televisheni katika chumba cha nyuma cha duka moja la Nakuru, chumba ambacho moshi wa kulehemu ulichanganyika na harufu ya sambusa za jirani hadi sikujua tena kipi ni kipi. Siku moja akaingia Singasinga mmoja mrefu, ndevu zimefungwa vizuri, amebeba kisanduku cha chuma cha rangi ya kijani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Akauliza fundi ni nani. Mwenye duka akanielekezea kidole. Harjit akanitazama, akamtazama mwenye duka, akanitazama tena. "Wewe?" Nikasema ni mimi. "Haya, fungua." Ndani yake mlikuwa na vibao vya umeme vilivyomwagiwa gundi ngumu nyeusi, na maandishi yote juu ya chipu yalikuwa yamekwanguliwa. Sehemu moja ilikuwa imeungua hadi ikawa mkaa. Nikamwambia haitengenezeki. "Kila mtu anasema hivyo," akajibu, na alikuwa tayari ameanza kukifunika. "Lakini naweza kutengeneza ingine," nikasema. Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi, maana sikuwa nimeuliza hata ni kisanduku cha kazi gani.

Kazi yake nilielezwa siku iliyofuata katika godauni la Harjit, aliyekuwa fundi wa injini, eneo la viwanda. Katikati ya sakafu kulikuwa na chombo ambacho sikuwa nimewahi kukiona ila kwenye picha: kipana, cha kijani cha jeshi, namba nyeupe ubavuni, feni kubwa nyuma kama ya ndege, na kuzunguka tumbo lake sketi nzito ya mpira iliyolala chini kama gauni lililovuliwa. Ilikuwa hovakrafti ya doria, iliyoundwa ng'ambo kwa ajili ya jeshi la nchi nyingine na kuuzwa bandarini kama chuma chakavu. Aliyeinunua alikuwa meja mstaafu mwenye kiwanda cha mbao Elburgon, mtu mfupi aliyezungumza kama anatoa amri hata akiomba chumvi. Sote tulimwita Meja tu. Yeye aliamini kwamba chombo kama hiki ndicho jeshi letu lilikihitaji kwa mafuriko na vinamasi, mahali ambapo boti inakwama na lori linazama. Alikuwa amewashawishi wenzake wa zamani waje kukiona kikifanya kazi. Injini Harjit aliiweza. Kilichowashinda ni kile kisanduku. Watengenezaji waliandikiwa, wakajibu kwamba hiyo ni mali ya kijeshi na haiuzwi kwa mtu binafsi.

Nilielewa shida yao siku ile walipoiwasha uwanjani nje ya godauni nikaiona ikielea. Hewa inasukumwa chini, sketi inajaa, na chombo chote kinainuka kidogo kutoka ardhini, hakigusi kitu. Na kwa kuwa hakigusi kitu, hakuna kinachokishikilia. Ukigeuza mapezi ya usukani pua inageuka, lakini mwili unaendelea kwenda kule ulikokuwa ukienda, na upepo mdogo tu unakisukuma ubavu kama karatasi kwenye sakafu iliyopigwa nta. Dereva anatakiwa kujua kwa wakati mmoja pua inatazama wapi, chombo kinaenda wapi hasa, upepo unatoka upande gani na injini inasemaje, huku maji yakirukia kioo hadi haoni mbele. Ndiyo sababu wanajeshi wa ng'ambo waliviunganisha vyote ndani ya kisanduku kimoja. Dira ilikiambia pua imeelekea wapi. GPS ilikiambia safari inaelekea wapi. Kifaa kidogo kiitwacho jairo kilihisi chombo kikianza kuzunguka. Kisanduku kililinganisha habari hizo, kisha kikayasogeza mapezi kabla mtu hajajua kuna tatizo.

Mwaka ule niliuishi katika chumba cha mbao juu ya godauni, mezani chini ya taa ndefu, nikiandika programu na kulehemu chipu na kuzichomoa tena. Mchana injini zote zilizimwa, na mke wa Harjit, ambaye tulimwita Mama, alituma chakula kwenye mkebe wa chuma wa ghorofa nne: dengu, viazi vyenye bizari, pilipili za kijani zilizolowekwa ndani ya mafuta, na juu kabisa chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Harjit aliketi juu ya tairi la trekta akizigawa. Ukimwambia umeshiba alikuongeza moja kimyakimya. Upande wa pili wa tairi alikaa Odhiambo, dereva wetu. Alikuwa ameendesha boti za doria baharini miaka kadhaa kabla ya kuacha kazi ya jeshi. Alikuwa mpole, nadhifu, na hakuniamini hata kidogo. Hakuniambia usoni. Nilimsikia kupitia nyufa za sakafu, siku moja walipodhani nimetoka. "Mzee, huyu msichana ni mzuri na ana bidii," alimwambia Harjit, "lakini mimi siwezi kuweka roho yangu kwa redio." Harjit akapiga chafya, akafuta pua. "Wewe endesha. Yeye ajenge. Mimi nitakaa hapa nione nani atalia kwanza." Nililala juu ya maneno hayo kama mtu anayelala juu ya msumari. Nikajenga upya sehemu yote ya jairo.

Mwezi wa Agosti tulikipakia chombo kwenye trela na kukipeleka Naivasha, ambako Meja alikuwa amekodi banda kando ya ziwa. Huko ndiko tulikompata Njoroge, fundi wa kuchomelea, kijana mwenye maneno mengi na simu iliyopiga muziki kutwa nzima kutoka mfukoni mwake. Siku ya jaribio la kwanza nilikaa kando ya Odhiambo. Akatoa chombo hadi maji wazi, akaniambia, "Haya, injinia wa redio, chukua," kisha akakunja mikono kifuani. Nikabonyeza. Chombo kikageuka kushoto. Kikaendelea kugeuka kushoto. Kikazunguka duara zima, kikaanza la pili, na viboko waliokuwa kwenye mafunjo wakatoa vichwa kutazama. Odhiambo hakukunjua mikono. Ufukweni Njoroge alikuwa akipiga makofi na kuhesabu duara kwa sauti. Nilitazama skrini, nikatazama dira, kisha nikaona nyaya nene za umeme wa injini zimepita sentimita chache chini yake. Kila umeme ulipopita, dira ilidhani kaskazini imehama, nacho kisanduku kiliifuata kwa uaminifu wote. Nikaanza kucheka, nikacheka hadi machozi yakanitoka, na Odhiambo, aliyekuwa amejikaza kweli, akashindwa. Tuliporudi Harjit alitutazama wote wawili tukijifuta macho. "Sasa sijui nani ameshinda," akasema. Kesho yake Njoroge alituchomelea mlingoti wa alumini, tukaipandisha dira juu yake, mbali na injini, na kuanzia hapo chombo kilishika njia.

Nilianza kulala Naivasha siku za kazi, katika kachumba kando ya banda, na jioni nilikula kwa Odhiambo. Alikuwa amepanga nyumba katika mitaa ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, vyumba vilivyopangana kuzunguka uwanja mmoja wenye bomba moja. Mkewe Akinyi aliuza samaki wa kukaanga kwenye njia panda ambako wafanyakazi walishukia, na mtoto wao Achieng alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tulikula ugali na samaki waliobaki, mlango wazi, redio ikizungumza siasa, majirani wakiingia kuomba chumvi au kiberiti. Mwanzoni siasa ilikuwa mzaha. Mtu alimtania Odhiambo kwamba watu wake wakishinda uchaguzi atatunyima samaki, naye alijibu atapandisha bei tu. Kufikia Novemba mzaha ulikuwa umepungua. Niliona sauti zikishuka kwenye bomba Akinyi alipofika na ndoo yake. Jioni moja, nikiosha mikono, nilisikia mwanamke akimuuliza mwenzake nyuma ya ukuta, kwa lugha yangu ya mama, ambayo si ya Akinyi, "Hawa watarudi kwao lini?" Mwenzake akamjibu, "Kwani kwao ni wapi, si wamezaa hapa?" Niliyabeba maswali hayo mawili hadi nikalala, na nilijiambia kwamba maadamu lipo la pili, la kwanza halitashinda.

Uchaguzi ukaja, kisha matokeo, kisha moto, jirani akimgeukia jirani wa kabila lingine. Sitausimulia wote, wengine waliuona kwa karibu zaidi yangu. Januari, moshi ulipopanda Nakuru upande wa Kaptembwo, Naivasha ilikuwa bado imetulia, na Harjit akanipigia simu akiwa mjini. "Beti, msije huku. Kaeni hapo ziwani, hapo ni salama. Meja anasema wakubwa wa jeshi bado wanakuja Februari. Fanyeni kazi." Beti kwa lugha yao ni binti. Hakuwahi kuniita hivyo mbele ya watu. Tukafanya kazi. Nilifanya kazi kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi niliamka nikakuta ukungu mzito umelala juu ya maji, na ndani ya ukungu harufu ya moshi ambao haukuwa wa majani. Nilikuwa bado na mswaki mdomoni Odhiambo alipoingia bandani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia, umefungwa kwa leso ya Akinyi. Nyuma yake alikuwa Akinyi na mtoto, na nyuma yao watu, wengi kuliko banda lilivyoweza kumeza, wakiwa na masufuria, magodoro, na watoto waliovaa nguo mbilimbili. "Ni jiwe," akasema nilipotazama mkono. "Barabara imefungwa pande zote. Wanachoma nyumba kwa nyumba. Wambui, hatuna pa kwenda ila huko." Akaelekeza kidevu chake ziwani.

Nikampigia Harjit. Nilidhani atauliza mambo mengi, akauliza moja tu: watu wangapi. Nikamwambia karibu thelathini. Nikasikia pumzi yake. "Kitabu cha jeshi kinasema kibebe wanane. Injini nimeijenga mimi, na mimi nasema kumi na watano wakiwa wembamba. Ng'ambo ya ziwa kuna shamba la maua, mimi ndiye natengeneza pampu zao. Lango lao ni la chuma na wana walinzi. Nampigia meneja sasa hivi. Nenda." Simu ikakatika, na nikagundua bado nimeshika mswaki.

Nusu ya watu walipokwisha kupanda, Odhiambo alikaa kwenye kiti changu cha pembeni na kuniachia cha dereva. Nikamwambia siwezi, sijawahi kuendesha nikiwa na watu. "Mkono wangu umeenda," akasema. "Wewe shika mafuta na feni. Usukani uachie kisanduku." Akafunga macho kidogo, akayafungua. "Leo naweka roho yangu kwa redio. Washa."

Tuliingia kwenye ukungu na dunia ikaisha. Kioo kilikuwa cheupe, masikio yalijaa injini, na kitu pekee kilichoonyesha kwamba tunasogea ilikuwa nukta ndogo kwenye skrini ikitambaa juu ya mstari. Nyuma yangu watu walikaa wameshikana, hakuna aliyelia, hata watoto. Tulikuwa tumepita maji ya kina pua ilipoanza kwenda kushoto, taratibu, kuelekea upande wa mafunjo na viboko. Mapezi yalikuwa yanageuka yenyewe. Kisanduku kilikuwa kinafanya kazi yake, kikiamini kinatunyoosha, huku kikitupoteza. Nikatazama namba. Dira na GPS havikupatana. Jambo hilo ni la kawaida upepo ukisukuma chombo ubavu, lakini asubuhi ile hapakuwa na upepo, ukungu ulisimama tuli kama ukuta. "Ni dira," nikamwambia Odhiambo. "Kuna chuma karibu na dira." Sote wawili tukageuka. Chini ya mlingoti, akiwa amejisogeza kuuegemea, alikaa mwanamke mzee aliyeshika mapajani kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Mathe, hicho ni nini?" nikapiga kelele juu ya injini.

"Ni pasi yangu!"

Ilikuwa pasi ya makaa, ile nzito ya zamani, ya chuma kitupu. Odhiambo akamwambia aipeleke nyuma. Yule mama akaikumbatia. "Siiachi. Nimeacha nyumba, nimeacha kila kitu, hii ndiyo kazi yangu. Hii siitupi majini."

"Haitupwi, mathe," Odhiambo akasema, na alisema kwa upole wa mtu mwenye wakati wote duniani. "Inakaa tu nyuma kidogo. Mke wangu atakushikia. Akinyi, mshikie mama pasi yake."

Pasi ikapitishwa mkono kwa mkono, juu ya vichwa vya watoto, hadi kwa Akinyi aliyekaa nyuma kabisa. Ilipofika kwake namba kwenye skrini zilisogeleana, mapezi yakarudi, na pua ikanyooka juu ya mstari kama mtu aliyeamka usingizini. Odhiambo alinitazama. "Kumbe inajua," akasema. Nikamwambia haijui, ilikuwa imedanganywa tu. "Hata hivyo," akasema, "imerudi njiani."

Tulipopanda ufuko wa pili lango la shamba lilikuwa wazi na wanawake waliovaa aproni za kazi walikuwa wamesimama na mablanketi. Odhiambo alitaka kurudi nami. Akinyi alishika shati lake kwa nyuma na hakuliachia. Nikawaambia nitaenda peke yangu. Odhiambo akapiga magoti kando ya kiti changu, akaongea haraka: nisipunguze mafuta ghafla, nikiona maji yamekuwa meusi nijue ni mafunjo, nisishike usukani hata nikiogopa. "Hasa ukiogopa," akasema.

Kwa hiyo nilivuka ziwa peke yangu, mikono miwili kwenye wenzo wa mafuta, nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na sikugusa usukani. Nilipokaribia banda ukungu ulianza kufunguka na nikawaona kabla hawajaniona: kundi la vijana wakiteremka kwenye njia ya ziwani, marungu na mapanga mikononi, na kati yao alikuwepo Njoroge. Watu waliobaki walikuwa ndani ya banda, mlango umefungwa kwa ndani. Nilijua nikizima injini nimekwisha, na nikigeuka wao wamekwisha. Nikasukuma wenzo mbele. Chombo kikatoka kwenye ukungu kikinguruma, maji yamepaa pande zote kama moshi mweupe, kijani chake cha jeshi na namba nyeupe ubavuni mbele ya macho yao. Hapo ndipo nikamwona Njoroge akikimbia mbele ya wenzake, ameinua mikono, akipaza sauti kwa lugha yetu, "Ni jeshi! Wanajeshi wamekuja! Kimbieni, ni jeshi!"

Wakakimbia. Sikuamini macho yangu, wakakimbia wote, wengine wakiangusha marungu. Chombo kilipopanda ufukweni Njoroge peke yake ndiye alikuwa amebaki, anapumua kwa nguvu. Akagonga mlango wa banda akiwaita watu watoke. "Wambui, pakia haraka. Hawa si wajinga, wataangalia nyuma." Nikamuuliza anakwenda wapi, kwa nini asipande. Akatikisa kichwa. "Walinitoa kwa nyumba asubuhi. Walisema kila mwanaume atoke ama yake ichomwe. Nikirudi sasa hivi nitakuwa nimekimbia jeshi kama wao. Nikibaki, nitakuwa niliwadanganya." Akamwinua mtoto wa mwisho, akamweka ndani, akaipiga sketi ya mpira kwa kiganja kama mtu anayemruhusu ng'ombe aende. Nilipogeuza chombo nilimwona akipanda njia mbio, akipiga kelele za woga ambao haukuwa wa kuigiza wote.

Kufikia mchana hapakuwa na mtu bandani. Baada ya siku chache mabasi yaliyosindikizwa na askari yaliwabeba kina Odhiambo kwenda Kisumu, na barabara ilipofunguka Harjit alifika. Alikizunguka chombo, akapapasa mahali sketi ilipopasuka, akapapasa mlingoti. Nilingoja aseme kitu. Akaketi juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, akafungua mkebe wa ghorofa nne, akaniwekea chapati nne bila kuniuliza. Nilikula zote nikilia, naye akatazama ziwa hadi nilipomaliza.

Viongozi wakapeana mikono. Mvua zikanyesha, mashamba ya maua yakaanza tena kupakia malori, na Meja, ambaye hakujua kushindwa, akapata siku nyingine kutoka kwa wakubwa wake, mwezi wa Juni. Tulikuwa tunatafuta dereva wakati Odhiambo alipopiga simu. "Mkono umepona. Bado mnaendesha kwa redio?" Akaja na basi la asubuhi, siku yenyewe ya maonyesho, na Akinyi akaja naye, jambo ambalo hatukulitarajia, kwa maana alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena mji ule. Njoroge alikuwa akikaza bolti za mapezi walipoingia bandani. Akasimama. Nikasikia muziki wa simu yake ukiendelea mfukoni, wa kuchekesha kabisa kwa wakati kama ule. "Odhis," akasema. "Njoro," Odhiambo akajibu. Kisha akamsogelea, akachukua spana kutoka mkononi mwake, na wakakaza ile bolti iliyobaki pamoja, mmoja ameshika kichwa na mwingine nati.

Upepo ulivuma alasiri hiyo, upepo mbaya wa kutoka mlima Longonot. Kanali aliyetumwa na jeshi kukiona chombo alipanda na maofisa wawili, nami nikawa kwenye kiti cha pembeni. Odhiambo aliendesha kati ya mafunjo, juu ya matope, kwenye maji wazi, na njia yetu kwenye skrini ikatoka imenyooka kama uzi. Kanali akamwambia azime kisanduku aone chombo kitakuwaje. "Naweza, afande," Odhiambo akasema, macho mbele. "Lakini siwezi kukupendekezea." Hata Meja alicheka. Tuliporudi walizungumza muda mrefu kando ya gari, na jibu lilikuwa hapana: chombo kina kelele mno, kinakunywa mafuta mno. Meja alivua kofia akaivaa tena. Lakini Kanali alinijia, akaniuliza kama kisanduku kile kinaweza kufungwa kwenye boti za kawaida, za kuokoa watu kwenye mafuriko, usiku na kwenye mvua, mahali ambapo dereva haoni. Harjit alikuwa nyuma yangu na hakunisaidia kujibu. Nikasema kinaweza. Nikasema nipewe miezi sita. Hiyo ndiyo kazi ambayo nimeifanya hadi leo, na ndiyo iliyonisomesha zaidi, na kuna mito mingi ambayo sijawahi kuiona ila mashine zangu zimeivuka.

Lakini ninapoukumbuka mwaka ule siishii kwa Kanali. Jioni hiyo, wanaume wakifunga chombo, Akinyi aliniomba nimsindikize hadi njia panda. Hakuwa na kitu mkononi. Alitembea upande wa ndani wa barabara, mimi upande wa magari. Wafanyakazi walikuwa wanashuka kutoka mashambani na wauzaji walikuwa wamepanga vitu vyao kwenye magunia: sukumawiki, nyanya, mayai ya kuchemsha. Mahali Akinyi alipokuwa akikaa palikuwa na mwanamke mwenye kabichi. Akinyi akasimama hatua chache mbali. Nilihisi mkono wake ukitafuta wangu. Yule mwanamke akainua macho, akamtambua. Kisha akaanza kusogeza kabichi zake, moja baada ya nyingine, upande wa kulia. Mwenye nyanya akavuta gunia lake. Mwenye mayai akanyanyua beseni, akaliweka mapajani. Walisogea tu hadi pakawa na nafasi ya mtu mmoja na karai lake, na mwanamke wa kabichi akapangusa mawe ya kukalia kwa upindo wa leso yake.

Akinyi akaketi. Akakunja sketi yake magotini, akatazama barabara, akatazama mikono yake mitupu. Mfanyakazi mmoja aliyevaa gambuti alisimama mbele yake, akamtazama vizuri, akatabasamu kama mtu aliyekuwa amengoja muda mrefu.

"Mama Achi! Samaki iko wapi?"

"Kesho," Akinyi akasema.